Gari Lisilo na Ndugu

Siku dada yangu Kijakazi alipofariki Mchinga, gari la mwanangu Shamte lilikuwa linang'aa kuliko magari yote ya Somanga. Naanza na hilo ili mtu asije akasema lilikuwa kuukuu au limechoshwa na barabara. Lilikuwa zuri, na uzuri wake ndio ulionikosesha dada yangu. Mpaka leo nikiona kitu kinachong'aa natamani kukipaka tope.

Nitaeleza kwa utaratibu, maana hasira isiyo na utaratibu ni kelele tu.

Shamte ni mwanangu wa pili. Ana duka la spea za pikipiki pale Nangurukuru, njia panda. Mnielewe vizuri hapo: anauza spea. Mtu akija na pikipiki imekatika cheni, Shamte ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka, anashusha cheni. Riziki yake yote imetokana na kujua kwamba chombo kisicho na spea ni chuma tu. Alikuwa na Noah nyeupe. Ilibeba wagonjwa, ilibeba maharusi, ilibeba mbuzi wa Idi, na ikigoma popote kati ya Rufiji na Lindi, fundi wa kwanza kuiona anaijua kama anavyomjua shemeji yake. Akaiuza. Akamuuzia Iddi, mume wa Zakia, na Zakia ndiye binti pekee wa dada yangu huko Mchinga. Yeye mwenyewe akaenda Dar, akakaa siku nyingi, akarudi na kitu cheusi.

Jina lake limeandikwa nyuma kwa herufi za fedha: Lorvane. Nimesoma mpaka darasa la saba na herufi nazijua, lakini hilo jina kila nikilisoma linatoka jina jingine. Akaniambia ni gari la Ulaya, likaenda kutumika Japani, ndipo likaletwa kwetu. Nikamwambia basi limesafiri kuliko mahujaji wote wa Kilwa.

Sitaki kudanganya, lilikuwa na mvuto wake. Mlango ukiufunga husikii kishindo, unasikia pu, kama mtu amefunika sufuria la wali kwa kitambaa. Viti vinakupokea mgongo, vinakuuliza umeumia wapi. Kule ndani hata vumbi la lori linalopita unaliona kama linapita nchi nyingine. Tukienda mahali, watu wanatoka madukani. Askari wa barabarani walikuwa wanalisimamisha si kwa kosa, wanataka kuchungulia usukani. Hata mwalimu wa madrasa, mtu ambaye hainui macho kutazama cha mtu, alilizunguka mara mbili akijifanya anatafuta kobazi.

Nikamuuliza mwanangu, Noah ilikukosea nini? Akaniambia Noah kila mtu anayo. Anapita Nangurukuru, watu hawajui amepita Shamte au amepita muuza mkaa. Halafu akasema neno ambalo sijalisahau.

"Hili, Mama, kutoka Rufiji mpaka Lindi niko peke yangu."

Alilisema akitabasamu, kifua mbele. Nikamwambia, mwanangu, kwa Kiswahili nilichofundishwa mimi, mtu aliye peke yake anaitwa mkiwa, na watu humpa pole. Akacheka, akasema Mama na mafumbo yako. Lakini jirani yangu Sauda alikuwa anachambua mchele ukumbini, akasikia. Kufikia jioni Somanga nzima walikuwa wanaliita lile gari Mkiwa. Watoto wakiliona linakuja: Mkiwa huyo, Mkiwa huyo. Shamte alikuwa anapandisha vioo.

Ndani ya gari alikuwamo mwanamke. Namaanisha sauti. Ukiwasha gari anasalimia, ukifungua mlango anasema neno, ukikaribia ukuta anasema maneno mengi kwa haraka, yote Kijapani. Shamte alijaribu kumbadilisha lugha, akashindwa. Nikawategea wenzangu bombani: kitendawili. Wakasema tega. Mgeni wangu kavaa vizuri, anasema mchana kutwa, hapati wa kumjibu. Walilipata jibu kabla ndoo haijajaa.

Basi, kwetu ukitegewa kitendawili ukashindwa, unatoa mji. Unasema nakupa Lindi, au nakupa Mtwara. Aliyetega anakwenda huko kwa maneno, anakula akishiba, anarudi, ndipo anatoa jibu. Sasa mbuzi wa Sauda aliruka akavunja taa ya mbele ya Mkiwa. Fundi wa Somanga akaitazama ile taa, akashindwa, akasema nenda Nangurukuru. Nangurukuru wakasema nenda Dar. Kariakoo wakamzungusha duka kwa duka, wakasema agiza Dubai. Dubai wakataja mji ambao hata Shamte hakuweza kuutamka. Nikamwambia, mwanangu, umepewa miji mingi mpaka umekuwa sultani, na jibu huna. Alifunga taa kwa selotepu, na kwa mbali ilionekana kama jicho la mgonjwa wa macho.

Mpaka hapo nilikuwa nacheka. Taa ni taa.

Zakia alipiga simu baada ya sala ya Alfajiri. Sikumwacha amalize, sauti yake ilitosha. Dada alikuwa ameugua kifua kwa muda, lakini mtu ukishazoea kuambiwa leo afadhali, unadhani afadhali ni kitu cha kudumu. Nikakaa chini sakafuni. Zakia akaniambia maziko ni baada ya Alasiri, na wataniwekea maiti isioshwe mpaka nifike.

Lazima niseme kwa nini waniwekee. Mama yetu alipofariki, mimi nilikuwa bado mwali mwali, naogopa maiti. Dada Kijakazi ndiye aliyenishika mkono akaniingiza chumbani. Akaniambia, maji polepole, kama unamwogesha mtoto mchanga, na usimkazie macho, msemeshe moyoni. Tukamwosha mama yetu sisi wawili. Tulipotoka nje akaniambia atakayetangulia kati yetu aoshwe na aliyebaki. Nikasema ndiyo. Tumezeeka tukiwa na ahadi hiyo. Tukigombana kwenye simu, mmoja husema, angalia, nitakuosha kwa maji ya baridi.

Hicho ndicho nilichokuwa nakwenda kufanya Mchinga. Si kula wali wa matanga.

Nikamwambia Shamte kwa simu kwamba kosta ya kwenda Lindi inapita asubuhi, nitaipanda. Akasema hapana, Mama, usihangaike, nakuja kukuchukua, hili gari litatufikisha kabla ya hiyo kosta. Simu yangu ikazima, nikaipeleka kwenye chaji ya sola ya Sauda, na kwa haraka ile nikaisahau huko. Nikakaa barazani na mkoba na kanga mbili mpya na udi. Kosta ikapita nikiitazama. Shamte akaja baadaye, na gari limefutwa mpaka kwenye matairi. Alikuwa amepitia kwanza kuoshesha gari. Nikajiambia mtoto amefiwa, kila mtu analia anavyojua.

Maana na yeye alifiwa. Alipofika umri wa shule nilimpeleka Mchinga kwa dada, na dada alimlea shule ya msingi yote. Kijakazi hakuzaa mtoto wa kiume. Mwanamke anaingizwa kaburini na maharimu zake, wanaume asioweza kuolewa nao, na yeye alikuwa anasema waziwazi mbele za watu, mimi wa kunishika mle ndani ni Shamte.

Tulikwenda vizuri. Nangurukuru tukaipita, mashamba ya mikorosho yakawa yanarudi nyuma kimya kimya. Tulipoiacha Kiranjeranje, yule mwanamke wa ndani akaanza kusema. Akasema neno, akanyamaza. Akasema tena, refu zaidi. Taa ndogo nyekundu ikawaka mbele ya Shamte. Nikamuuliza huyu anasemaje. Akasema huyu ndivyo alivyo, hodari wa kusema. Mwanamke akarudia maneno yale yale, kwa adabu, bila kuchoka, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua. Shamte akanyoosha kidole akampunguza sauti.

Nikikumbuka kidole kile, damu inanichemka. Alituambia mapema kabisa, yule mwanamke wa watu. Hakuna aliyemwelewa, na aliyetakiwa kumwelewa alimnyamazisha.

Karibu na Mbwemkuru moshi mweupe ukatoka mbele na gari likajizima lenyewe. Likasogea pembeni kwa nguvu zake za mwisho, likakaa.

Hapo pana vibanda, na kibanda kimoja ni cha fundi, kijana mrefu anaitwa Dismas. Akaja anafuta mikono, akaniamkia shikamoo bibi, nikaitikia marahaba. Shamte akamwambia ni maji tu, ongeza maji. Dismas akainama chini ya gari, akasikiliza, akafungua boneti. Mkikutana na injini ya Noah mnaona injini. Hapa palikuwa na kifuniko cheusi kimefunika kila kitu, na nati zake zina umbo la nyota. Dismas akaleta kopo lake la spana, akazijaribu zote, hakuna iliyoingia. Akaingiza vidole pembeni mpaka akachunika. Akasema maji yanavuja kwenye kiwiko cha plastiki huko chini, kimepasuka. Angekuwa anakifikia angekifunga kwa mpira wa tyubu, tungefika Mchinga na Lindi tukapita. Lakini mkono hauingii, na hicho kiwiko hajawahi kukiona.

"Kwa hiyo?" Shamte akamuuliza.

"Kwa hiyo bosi, natoa mji."

"Mji gani?"

"Nakupa Dar. Ila hata hiyo Dar, nenda ukiwa umeshiba."

Siku nyingine ningecheka. Nilikuwa nalitazama jua.

Wakatia maji, yakatoka chini. Wakangoja injini ipoe, Shamte akajaribu kuwasha, gari likakataa hata kukohoa. Dismas akasema haya magari yana akili, yakijiona yanaumwa yanajifungia ndani, mpaka aje mtu na mashine yake ya kuyauliza. Mashine hiyo iko wapi? Ndiyo miji ile ile.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda cha mama mmoja muuza chapati. Simu ya Shamte ikaita. Akaitazama, akaondoka nayo kuelekea darajani, akisema anatafuta mtandao. Akaongea, akarudi, akasema ni Zakia, amemwambia asiwe na wasiwasi. Nikamwambia amwambie ukweli wangoje kidogo. Akasema nimemwambia, Mama. Simu ikaita tena baadaye, akaenda tena darajani.

Kosta nyingine ikaja, ikapunguza mwendo, konda akachungulia kuuliza kuna nini. Nikainuka, nikafunga kanga, nikashika mkoba. Kabla sijafika barabarani Shamte alishampungia mkono: nendeni, tunamalizia. Ikaondoka. Nikamuuliza tunamalizia nini. Akasema imejaa, Mama, siwezi kukuweka usimame kama mzigo, watu wananijua kwenye zile kosta.

Akasema watu wananijua. Nilimsikia. Nikarudi kwenye kigoda, na mama wa chapati akaniwekea maji ya kunywa.

Magari mengine yalipita. Probox imesheheni, pikapu ya samaki. Kila moja likipunguza mwendo, watu wake hawanitazami mimi, wanatazama gari. Wanaliuliza jina, wanaulizana ni la nani. Mmoja akashuka kabisa akapiga nalo picha. Na Shamte, mama yake mkubwa yuko juu ya kitanda anangojwa aoshwe, Shamte anawaeleza lina kamera ngapi.

Hapo ndipo nilipokwenda kusimama katikati ya barabara.

Lilikuwa Fuso tupu linakwenda Mtwara kupakia saruji. Dereva alifunga breki mpaka matairi yakalia, akatoa kichwa na tusi mdomoni, akaniona, akalimeza. Nikamwambia mwanangu, nina msiba Mchinga, dada yangu tumbo moja. Akafungua mlango. Jina lake Alex, Mungu amlipe.

Shamte akaja mbio. Akaniambia Mama utanitia aibu, unapandaje lori la saruji. Nikamwambia aibu umeshaileta wewe, mimi natafuta usafiri. Twende.

Akaligeukia gari lake. Akalitazama hivi, halafu akanitazama mimi.

"Nikiliacha hapa, Mama, wataling'oa kila kitu."

"Wang'oe wapeleke wapi, Shamte? Wakamfungie nani? Si uko peke yako?"

Dismas aliinama akajifanya anatafuta spana, mabega yanamtikisika. Shamte hakucheka. Alisimama pale, mkono kwenye boneti, kama mtu anayemshika mgonjwa mapigo. Nikamwambia mara ya mwisho, mama yako mkubwa anakungoja umwingize kaburini. Akasema tangulia, Mama, nitakuja nyuma yako, nipate tu mtu wa kulivuta.

Nikapanda. Sikugeuka nyuma.

Alex aliendesha kwa nguvu zote za lori lile. Alizima redio bila kuambiwa. Kabini yote ilikuwa na vumbi la saruji, kanga zangu mpya nikazikumbatia tumboni zisichafuke, maana nilikuwa bado naamini nitazitumia. Nilikuwa narudia moyoni, maji polepole, polepole, anza kulia. Njia kutoka Mbwemkuru si ndefu, haifiki hata saa nzima. Hilo nataka mlishike.

Akanishusha Mchinga karibu na nyumba ya dada. Nikatembea upesi kwa kadiri ya magoti yangu. Kitu cha kwanza kukiona ni wanaume. Walikuwa wanakuja kutoka upande wa makaburini, wengi, wanaongea taratibu, pindo za kanzu na misuli zina udongo mwekundu. Wakaniona wakasimama. Mmoja akasema, innalillahi, ndiyo anafika.

Nikaingia uani. Pale pembeni ya nyumba, nyuma ya ukuta wa makuti waliouzungushia, kile kishimo cha maji ya kuoshea maiti kilikuwa kimeshafukiwa. Udongo bado mbichi. Mtu alikuwa ameupiga vizuri kwa jembe, ukawa sawasawa. Nilisimama pale na mkoba wangu na udi wangu. Mwanamke haendi makaburini kwetu, kwa hiyo palikuwa hapana tena pa kwenda.

Na mbele ya nyumba, chini ya kivuli cha ukuta, ilikuwa imesimama Noah nyeupe.

Zakia alitoka akanikumbatia akalia, akasema Mama Mdogo tulikungoja, wallahi tulikungoja. Nikamwambia najua, gari liliharibika Mbwemkuru, Shamte si aliwaambia. Zakia akajitoa mikononi mwangu akanitazama.

"Liliharibika? Kaka kasema mmevuka Mbwemkuru, mnaingia."

Nikamuuliza lini. Akasema simu ya kwanza. Walikuwa wamepasha maji, wakayaacha moto mdogo, wakangoja. Simu ya pili kasema mko karibu kabisa, labda sisi tutangulie kutandika sanda. Wakangoja tena mpaka maji yakapoa na sheikh akakohoa nje. Bibi mmoja akasema aliye njiani ataukuta uso wa marehemu, tuoshe. Wakaosha. Wakaacha uso wazi, ili angalau nimwone. Wakaswali Alasiri, wakangoja. Sheikh akasema maiti hacheleweshwi kwa msafiri asiye na mwisho.

Iddi alikuwa amesimama mlangoni, udongo mpaka kwenye viwiko, maana ndiye aliyeingia kaburini yeye mkwe, nafasi ya Shamte. Mtu mpole Iddi, hapendi fitina. Lakini nilimwuliza, akasema. Simu ya kwanza ile yeye alimpokonya Zakia simu akamwambia Shamte, shemeji, kama kuna tatizo lolote nije niwachukue, funguo ninazo mkononi. Shamte akamjibu usisumbuke, shemeji, gari hili haliwezi kukosa nguvu ya kufika hapo.

Saa isiyotimia. Noah ina mafuta, ina dereva, imesimama mbele ya nyumba. Ningefika maji yakiwa bado ya moto. Na mwanangu alikuwa pale darajani, simu sikioni, anaona bora mimi nimkose dada yangu kuliko yeye aje kuokolewa na Noah aliyoiona haimtoshi.

Mimi si mtu wa kupiga kelele msibani. Nilikaa mkekani na wenzangu nikavuta uradi, lakini kila punje ya tasbihi niliyoisukuma nilikuwa naisukuma kwa hasira, Mungu anisamehe. Wanawake walinipa uji, nikaurudisha. Bibi mmoja wa upande wa mume wa dada akaninong'oneza, shemeji, ajali kazini, gari ni chuma. Nikamwambia sina ugomvi na chuma.

Shamte alifika kesho yake asubuhi kwenye bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Gari alimwachia Dismas amlindie. Wanaume walimpokea mkono, wakampa pole, akakaa nao. Hakuna aliyemwambia kitu. Watu wa Mchinga wana adabu. Nikamtuma mtoto wa jirani amwite aje mlangoni kwa wanawake. Akaja, akavua viatu, akapiga magoti kizingitini. Nikamwona ni mwanangu, macho mekundu, hakulala. Moyo ukataka kulegea. Nikaukaza.

Akasema, "Nisamehe, Mama. Gari limenikwamisha."

"Gari halina simu, Shamte."

Akainamisha kichwa.

"Gari lilivuja maji, likazimika. Kosa lake limeishia hapo. Na kabla halijazimika lilisema, tena kwa adabu. Nani kamwambia Zakia tumevuka Mbwemkuru?"

Wanawake walitazama mikeka. Akasema kwa sauti ndogo kwamba aliona haya. Nikamwambia usiniambie mimi, mimi nimeshajua tangu jana. Mwambie mwenye mama yake.

Halafu akamgeukia Zakia, ndugu yake aliyelelewa naye sahani moja, akamwambia yote. Kwamba tulikuwa tumekwama tangu kabla ya simu ya kwanza. Kwamba Iddi aliposema nakuja na Noah, yeye aliona watu wote wa matanga watatoka nje kumtazama akiteremka ndani ya gari aliloliuza, nao wanajua kaliuza kwa nini. Kwamba alidhani litawaka. Kila dakika alidhani sasa litawaka.

Zakia hakulia. Alikuwa anaukunja na kuukunjua upindo wa kanga. Akasema, "Mama aliniuliza usiku ule wa mwisho, Shamte kashaambiwa nimezidiwa? Nikamwambia kesho. Akasema mwambieni, anakuja upesi huyo."

Shamte akafunika uso kwa mikono miwili. Sikumgusa. Nilimzaa mimi, najua mahali pa kumgusa akanyamaza, na sikunyoosha mkono.

Akaomba apelekwe kaburini. Wanaume nje walisikia, mlango ulikuwa wazi. Iddi akatikisa funguo kidogo, akanitazama kama ananiomba ruhusa. Nikamwambia mkwe wangu, kaa, umechoka. Nikamwambia Shamte aende kwa miguu. Akasema mahali penyewe hapajui, makaburi yamepanuka tangu alipokuwa mtoto. Nikamwambia una mdomo, na safari hii uutumie kuuliza.

Akainuka. Akavaa viatu, akatoka uani akiyumba kwa kukosa usingizi. Nikamsikia barabarani anamsimamisha mwanamke mmoja mwenye ndoo. Anamuuliza kwa upole, samahani mama, kaburi la Bi Kijakazi aliyezikwa jana liko upande gani. Mwanamke akamuuliza wewe nani wake. Akasema, mimi mwanawe.

Hasira yangu haikwenda popote, ilikaa pale pale kifuani, na nilitaka ikae. Nikamwambia Zakia ambakizie wali akirudi. Mchuzi asimjazie.